Afya na Ustawi wa Vijana Wanaotoka Katika Vituo vya Malezi: Historia ya Sera na Maneno Yake, Kutoka Cyangugu hadi Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya huduma za afya na ustawi kwa vijana waliolelewa nje ya familia zao katika eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu, ambalo tangu 2006 limegawanywa kati ya wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Hoja inayojengwa ni kwamba sera ya Rwanda baada ya 1994 ilijibu kwa ujasiri swali la namna ya kumrudisha mtoto katika familia. Huduma ya afya, kwa upande wake, ilijengwa juu ya kaya, na kijana anayefikisha miaka 18 akiwa kituoni huingia katika huduma hiyo bila kaya. Ushahidi unatokana na sheria, nyaraka za sera, tafiti za afya ya akili na maneno ya Kinyarwanda ambayo sera hizo zimeyatumia.

1.0 Mlango, ugo na kulea

Mwaka 2013 Serikali ya Rwanda, ikishirikiana na UNICEF, ilianza kutekeleza programu iliyopewa jina la Tubarerere mu Muryango. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili aone jina hilo limeundwaje. Kitenzi kurera ni ndugu wa kulea. Kiambishi tu- ni kilekile. -Ba- ni -wa-. Na kitenzi kimenyambuliwa katika kauli ya kutendea. Kwa Kiswahili jina hilo lingekuwa Tuwalelee katika Familia. Neno linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni umuryango. Katika Kinyarwanda neno hili lina maana ya familia na vilevile nafasi ya kuingilia nyumbani. Umbo lake linalingana na mlango wa Kiswahili, na Wagiriama wa pwani ya Kenya huita tawi la ukoo mryango. Watu wa mlango mmoja ni watu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo anayesema kwamba mtoto alelewe mu muryango anasema pia, atake asitake, kwamba kuna mlango ambao mtoto huyo ana haki ya kuupita bila kubisha hodi.

Mlango, hata hivyo, hupitwa kwa kuingia na kwa kutoka. Jina la programu linataja kuingia tu, na kwa sababu ya kueleweka: lengo lilikuwa kuwaondoa watoto vituoni. Anayetoka kituoni akiwa tayari mtu mzima hana jina. Upungufu huu si wa Kinyarwanda peke yake. Kiswahili kina mlezi, yatima, mtoto wa kulea na makao ya watoto. Kwa aliyekwisha kutoka hakuna zaidi ya maelezo marefu, "kijana aliyelelewa kituoni". Nchini Kenya watu wa namna hii wameunda chama chao, KESCA, lakini hata hicho kimejipatia jina kwa Kiingereza. Wanasera huelekea kupuuza mambo ya istilahi wakiyaona ni starehe ya wanaisimu. Katika suala hili kupuuza huko kumekuwa na gharama, kwa kuwa fomu, bajeti na takwimu hufuata majina yaliyopo.

Neno la pili ni urugo, yaani makazi ya kaya moja pamoja na uzio wake. Kiswahili bado kinalo neno ugo kwa maana ya uzio. Kubaka urugo, kujenga boma, ndiyo namna ya kawaida ya kusema kuoa au kuolewa. Neno hili litarejea katika sehemu ya nne, kwa sababu ndilo lililoamua nani anatibiwa na nani anasubiri.

2.0 Cyangugu, 1994 hadi 1996

Historia ya vituo vya watoto nchini Rwanda haikuanza mwaka 1994. Kituo cha Noel kule Nyundo, kaskazini mwa Ziwa Kivu, kilifunguliwa mwaka 1954. Vituo vya namna hiyo vilikuwa vichache, na mtoto aliyefiwa na wazazi kwa kawaida alilelewa na ndugu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalivunja utaratibu huo kwa pande zote mbili, maana yaliua wazazi na yakaua pia ndugu ambao wangewapokea watoto.

Cyangugu ilikuwa na sura yake katika maafa hayo. Mwezi Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia kanisani mjini Cyangugu walihamishiwa katika uwanja wa Kamarampaka, ambako baadhi yao walichaguliwa na kutolewa nje kwenda kuuawa. Wengine waliuawa katika parokia za Shangi na Mibirizi. Waliosalia uwanjani walipelekwa mwezi Mei katika kambi ya Nyarushishi, mlimani, na huko maelfu walikutwa wakiwa hai mwezi Juni wakati majeshi ya Ufaransa yalipoingia kwa operesheni iliyoitwa Turquoise. Majeshi hayo yalipoondoka mwezi Agosti, wimbi jingine la watu lilikuwa limekwisha kuvuka daraja la Rusizi kuelekea Bukavu. Mamia ya maelfu waliishi katika kambi za Kivu ya Kusini hadi ziliposambaratishwa kwa vita mwezi Oktoba na Novemba 1996, kisha wengi wakarudi kupitia daraja lilelile.

Kwa hiyo mtoto aliyepotezana na wazazi Cyangugu aliweza kuwa manusura wa Nyarushishi, mtoto wa mkimbizi aliyeachwa njiani Bukavu, au mtoto aliyezaliwa kambini asiyekijua kilima cha wazazi wake. Kote nchini na katika nchi jirani, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNICEF, UNHCR na mashirika mengine waliandikisha zaidi ya watoto 100,000 waliotengana na familia zao. Picha za watoto wadogo mno kujua majina yao zilibandikwa hadharani ili ndugu wawatambue. Ni kazi ambayo haijasifiwa vya kutosha. Watoto waliorudi wakizungumza Kiswahili cha Bukavu kuliko Kinyarwanda walikuwa na mzigo wa ziada, kwa kuwa lahaja na lafudhi ya mtoto ni dalili mojawapo ya anakotoka, na hao dalili hiyo ilikuwa imefutika.

3.0 Mtoto mmoja, familia moja

Mwaka 1995, wakati vituo vilipokuwa na watoto zaidi ya 12,000, serikali mpya ilitangaza sera iliyofupishwa katika kaulimbiu ya kumpa kila mtoto familia. Wakati huo nchi haikuwa na fedha, mahakama wala wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa kutosha, na bado ilikataa kufanya vituo kuwa suluhisho la kudumu. Nchi kadhaa tajiri zilichukua miongo mingi kufikia uamuzi huo. Watu waliojitolea kuwachukua watoto wasio wao walikuja kuitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi, jina ambalo nusu yake Kinyarwanda na Kiswahili wamelipokea kutoka Kiarabu na nusu nyingine ni ya Kibantu tupu.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini ushahidi wa kiafya una ukungu kuliko kaulimbiu. Dyregrov na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwasilisha matokeo ya mahojiano na watoto 3,030 wa umri wa miaka 8 hadi 19 yaliyofanyika takribani miezi 13 baada ya mauaji. Watoto waliokuwa vituoni walikuwa wameshuhudia ukatili mwingi zaidi, na hata hivyo walionyesha dalili chache zaidi za kiwewe kuliko wale waliokuwa katika jamii. Miaka kumi baada ya mauaji, Schaal na Elbert waliwapima yatima 68, wengine wakiishi kituoni, wengine katika kaya zinazoongozwa na watoto wenyewe. Asilimia 44 walikuwa na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa. Walioathirika zaidi walikuwa wale wa kaya za watoto, na wale waliokuwa na umri wa miaka 8 hadi 13 mwaka 1994.

Ni rahisi kuyatumia matokeo haya vibaya. Hayathibitishi kwamba kituo ni bora kuliko familia. Mtoto wa jamii mwaka 1995 mara nyingi aliishi katika nyumba iliyobomolewa, jirani na waliowaua wazazi wake, na kaya ya watoto ni kaya isiyo na mtu mzima. Yanachoonyesha ni jambo jingine: kwamba kituo, pamoja na kasoro zake, kilitoa chakula cha saa maalumu, kitanda, mtu mzima aliye macho usiku, na wenzake mtoto walioelewa ndoto zake bila kusimuliwa. Anayetoka kituoni anavipoteza hivyo vyote kwa siku moja. Sera inayomhesabu kuwa "ametoka" bila kuhesabu alichokipoteza inapima nusu ya tukio.

Kinyarwanda kilikuwa na maneno ya hali hii kabla ya wataalamu kuja na yao. Ihahamuka ni hali ya kukatika pumzi kwa hofu, na wanaolichambua neno hilo huliunganisha na mapafu. Agahinda gakabije ni huzuni iliyopita kiasi. Maneno yote mawili huuweka ugonjwa mahali panapoonekana, katika pumzi na katika kiasi, na hivyo humpa mgonjwa namna ya kusema bila kuaibika. Kijana wa Kamembe anayejua kusema kwamba pumzi inamkatika kila Aprili inapofika amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mshauri nasaha. Nusu iliyobaki inahitaji mshauri awepo, na awepo mahali ambapo kijana anaweza kufika bila kuulizwa kwanza yeye ni wa nani.

4.0 Bima inayohesabu nyumba

Katika milima ya Rwanda, kabla ya gari la wagonjwa, mgonjwa alibebwa na majirani katika ingobyi, machela ya kusukwa yenye miti ya kuchukulia mabegani. Neno hilohilo ni jina la mbeleko ya mtoto. Anayezaliwa hubebwa katika ingobyi na anayeugua hubebwa katika ingobyi, na katika safari zote mbili wapo watu wanaojua kwamba ni zamu yao kubeba. Kaya zilizobeba wagonjwa wa wenzao zilikuwa na haki ya kubebewa wao. Ni bima kwa maana kamili ya neno, na uanachama wake ulikuwa wa nyumba.

Bima ya afya ya jamii, mituweli katika kinywa cha watu, ilifuata mantiki hiyo. Ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika maeneo ya Byumba, Kabgayi na Kabutare, ikaenea nchini, ikapewa sheria mwishoni mwa 2007, na mwaka 2015 ikahamishiwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Tangu 2011 michango ilipangwa kwa ngazi za ubudehe, yaani uainishaji wa kaya kwa uwezo: faranga 2,000 kwa mtu wa kaya maskini kabisa, zikilipwa kwa niaba yake, 3,000 kwa wengi, na 7,000 kwa wenye nafuu. Bima hii imeokoa maisha mengi, na wachache katika kanda wanaweza kujilinganisha nayo.

Kipimo chake, hata hivyo, kilikuwa kaya. Ngazi ilikuwa ya kaya, orodha ilikuwa ya kaya, na mchango ulitakiwa ulipwe kwa watu wote wa kaya ndipo kadi itumike. Mtoto aliye kituoni hulipiwa na kituo. Siku anapotoka, jina lake huondoka katika orodha moja bila kuingia katika nyingine. Ndugu anayempokea kwa muda huenda asitake kumwandikisha, kwa sababu kichwa kipya ni mchango mpya, na fedha ya mtu mmoja ikikosekana kaya nzima inakwama. Kaya ya mtu mmoja si jambo lisilowezekana. Lakini ili itambuliwe lazima mtu huyo awe na makazi yanayojulikana kijijini, na makazi ndicho kitu cha kwanza anachokosa.

Sheria zimeongeza pengo hilo bila kukusudia. Sheria za ulinzi wa mtoto za 2011 na 2018 zinamtaja mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya watu na familia ya 2016 iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 21. Kati ya umri huo na ule, kijana si mtoto wa kituo wala kwa kawaida hawezi kubaka urugo kwa njia ambayo jamii inaitambua zaidi. Kwa mwenye wazazi, miaka hiyo mitatu haionekani, kwa kuwa anaendelea kuandikwa chini ya baba au mama. Kwa aliyetoka kituoni ni miaka mitatu ya kusimama nje ya ugo wa wengine.

Tarehe nazo zina ukali wake. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Mkakati wa Mageuzi ya Malezi ya Mtoto mwezi Machi 2012. Utafiti wa kitaifa uliotangulia mkakati huo ulikuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33. Tamko "watoto na vijana" halikuwa la mapambo: miongoni mwa waliohesabiwa walikuwamo watu wazima ambao hawakuwa na pa kwenda. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1994 alitimiza miaka 18 mwaka huohuo wa 2012. Kizazi ambacho kwa ajili yake vituo vilijaa kilifikia umri wa kutoka wakati sera ilipokuwa ikianza kuwatafutia familia wadogo zake.

5.0 Familia za kujiundia

Jibu la mapema zaidi kwa tatizo hili halikutoka wizarani. Mwezi Oktoba 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare, wanafunzi 12 manusura wa mauaji ya kimbari waliunda chama kilichoitwa AERG. Walijigawa katika familia. Kila familia ilimchagua baba na mama kutoka miongoni mwa wanafunzi wenyewe, mara nyingi wakiwa wamewazidi "watoto" wao kwa miaka michache tu. Baba alifuatilia nani hakula. Mama aliketi na aliyeshikwa na ihahamuka wakati wa kumbukumbu za Aprili. Utaratibu huo ulienea katika vyuo na shule za sekondari, na waliohitimu wakaunda GAERG mwaka 2003 ili mlango usifungwe siku ya mahafali. Mfuko wa kuwasaidia manusura, FARG, ulioanzishwa kwa sheria ya Januari 1998, uligharamia ada na matibabu. Kazi ya kuketi na mgonjwa haikuwa kazi ya mfuko.

Huko Gitarama shirika la CARE lilijaribu njia nyingine: watu wazima wa kijijini, walioitwa Nkundabana, "nawapenda watoto", walizitembelea kaya za watoto na kuwa washauri wao. Njia hizi mbili zinatofautiana kwa umbo, lakini zote zilitambua kwamba afya ya kijana asiye na wazazi inategemea mtu mmoja anayejulikana kwa jina na anayejua kwamba ni zamu yake.

Vijana waliotoka vituoni si wote manusura, na hapa historia inakuwa nyeti. Katika Cyangugu wapo ambao wazazi wao walifia kambini Bukavu, au walifungwa, au walikufa kwa ukimwi, au walikuwa maskini tu. Kundi hili halikuhusika na FARG wala AERG, na isingekuwa haki kudai kwamba lingehusika. Vyombo hivyo viliundwa kwa jeraha maalumu. Lakini hakuna chombo kingine kilichoundwa kwa ajili yao kwa mfano huo. Matokeo yake ni kwamba mbinu bora zaidi iliyobuniwa nchini ya kumlinda kijana asiye na familia imebaki mali ya kundi moja, wakati ingeweza kuigwa bila kuipunguzia hadhi asili yake.

6.0 Nani anauguza?

Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopokewa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 18 Desemba 2009, inatenga aya za 131 hadi 136 kwa huduma baada ya kutoka. Inataka maandalizi yaanze mapema, kijana apewe mtu maalumu wa kumsaidia ajitegemee, na apate huduma za afya, sheria na jamii. Uingereza ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 2000, na tangu 2017 sheria yake inamruhusu kijana kuwa na mshauri hadi atimize miaka 25. Rwanda haina fedha za Uingereza. Ina kitu ambacho Uingereza haina, yaani Inshuti z'Umuryango, "marafiki wa familia", wajitolea wawili katika kila kijiji, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

Sera za Rwanda za miaka ya karibuni hupenda neno kwigira, kujitegemea. Wasomaji wa Afrika Mashariki walilizoea neno hilo katika Azimio la Arusha la 1967, ambako liliandamana na ujamaa. Na ni vema kukumbuka kwamba halikuandikwa peke yake. Kumwambia kijana wa miaka 18 ajitegemee ni kumwambia jambo la busara iwapo nyuma yake kuna mlango. Bila mlango ni kumtoa tu.

Mahali ambapo kukosekana kwa mlango kunaonekana wazi zaidi ni wodini. Katika hospitali za wilaya, Gihundwe na Mibirizi zikiwamo, mgonjwa aliyelazwa hutegemea umurwaza. Kitenzi kurwara ni kuugua. Kurwaza ni kuwa na mgonjwa na kumuuguza. Umurwaza ndiye muuguzaji wa kutoka nyumbani. Kiswahili kimefanya jambo lilelile kutoka kuugua hadi kuuguza. Umurwaza huleta uji, hufua shuka, hufuata dawa, hulipa asilimia 10 ya gharama ambayo mituweli haibebi, na husikiliza daktari anaposema mambo ambayo mgonjwa hana nguvu ya kuyakumbuka. Muuguzi wa hospitali hachukui nafasi hiyo, na hospitali haikupangwa kwa kudhani kwamba atakosekana. Kijana aliyetoka kituoni, akilazwa kwa malaria au kwa kujifungua, anaweza kuwa na kadi halali mkononi na bado akalala na njaa.

Kwa kijana wa Rusizi kuna ugumu wa mpaka pia. Riziki ya haraka iko katika biashara ndogo kati ya Kamembe na Bukavu, na anayevuka mara kwa mara hukaa leo hapa na kesho kule. Akilala kwa rafiki ng'ambo ya mto, daftari la kijiji halimwoni. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ndiyo lugha ya maisha yake ya kila siku mpakani, ilhali maelezo ya afya ya akili na ya haki za bima anayokutana nayo nyumbani yameandikwa kwa Kinyarwanda, na ng'ambo kwa Kifaransa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi hapa ya kufanya kazi isiyo ya sherehe: kusanifu istilahi za malezi mbadala na za afya ya akili zitakazoeleweka pande zote za Rusizi, ikiwamo ile ya mtu aliyetoka.

Mabadiliko yanayohitajika wilayani ni madogo kuliko historia yake. Shirika la Taifa la Maendeleo ya Mtoto, lililorithi kazi za Tume ya Taifa ya Watoto mwaka 2020, linaweza kuagiza kwamba hakuna kijana anayetoka kituoni au katika familia ya kulea kabla ya kuandikishwa kuwa kaya kamili katika kijiji anachokwenda, mchango wa mwaka wa kwanza wa mituweli ukiwa umekwisha kulipwa na nakala ya jalada lake la matibabu ikiwa mkononi mwake. Mmoja wa Inshuti z'Umuryango wa kijiji hicho aandikwe katika jalada hilohilo kuwa umurwaza wake, kwa jina na namba ya simu, hadi kijana atakapotimiza miaka 21 au atakapomtaja mtu mwingine amtakaye.